Tairi Nililosema Si Langu

Gari langu ni dogo, la usukani wa kulia, na limezeeka kuliko linavyoonekana. Lilitumika nje, likatumika tena mjini kwetu, ndipo likanifikia mimi. Kwa sababu hiyo nililitunza kama mgonjwa aliyetoka hospitali juzi. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, nililizunguka mara mbili nikiwa na daftari mkononi. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa mafuta ya injini, maji na taa. Wa pili ulikuwa wa matairi peke yake. Nilipima upepo, nikaingiza njiti ya kiberiti katikati ya meno ya mpira kuona yamebaki kina gani, nikaandika.

Asiyeendesha gari Goma anaweza kuona kwamba nilikuwa najisumbua. Lami inaishia pale inapoishia, na ukiiacha unapanda juu ya mawe ya volkano. Mawe hayo hayatoboi tairi kama msumari, yanakata ubavu. Ubavu ni mwembamba kuliko mgongo wa tairi, na unaoumia zaidi ni ule wa nje, unaosugua ukingo unapompisha mtu mwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kusukumia mizigo, iliyojaa viazi. Basi kila kovu jipya nililiwekea nukta ya rangi nyeupe. Niliandika pia zile tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka tairi lilipotengenezwa. Tairi la mbele, upande wa kulia, ambalo ndilo ninaloliandikia hapa, lilikuwa na makovu matatu na nukta tatu.

Kazini walinicheka kwa daftari hilo, na mimi nilikipenda kile kicheko. Kazi yangu ni kwenda mahali, kuuliza, kuangalia na kurudi kuandika ripoti. Nilijihesabu miongoni mwa watu wasiodanganyika.

Kwado wangu, yaani fundi wangu wa kuziba matairi, alikuwa mtaa wa Ndosho, kando ya barabara kubwa, kwenye kipembe cha kiwanja cha mama mmoja anayeuza makala, yaani mkaa. Alikuwa mtu wa milima ya Masisi, wa rika langu, mwenye viganja vipana na maneno machache. Zamani alichunga ng'ombe. Mjini alianza na pampu ya mguu, na nilipomfahamu alikuwa tayari ana kompresa, beseni la maji la kutafutia matundu, na foleni ya asubuhi. Watu walimwachia magurudumu wakienda kazini, wakayachukua mchana au jioni. Hapakuwa na risiti. Aliandika alama kwa chaki juu ya mpira, basi. Kazi ya kwado inasimama juu ya jambo hilo moja, kwamba unaweza kumwachia kitu chako ukaenda zako.

Siku yenyewe tairi lile la kulia lilikuwa linapoteza upepo polepole. Nilimwachia gari zima, nikapanda pikipiki kwenda kazini. Nilirudi saa tisa mchana, nimevaa shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi, nikiwa na mkutano saa kumi. Aliniambia kazi imekwisha, kulikuwa na kamusumari kadogo, amekatoa na kuziba. Nilimshukuru. Kisha, kwa mazoea yangu, nikalizunguka gari.

Nukta nyeupe hazikuwapo. Makovu hayakuwapo. Nilitafuta tarakimu nne, nikapapasa ubavu wote kwa kidole kama kipofu, nazo hazikuwapo. Nilifungua daftari, nikasoma, nikaangalia tena. Moyo ulinidunda, na lazima niandike jambo ambalo halinipendezi: ulinidunda kwa furaha kidogo. Ilikuwa furaha ya mtu aliyekuwa akiweka ushahidi miaka yote bila kesi, na sasa kesi imekuja yenyewe.

Nilimuuliza tairi langu, pine kama tunavyoliita hapa, liko wapi.

"Njo hii, papa," alisema. "Pine ni ya kwako. Pinda kidogo uangalie ku upande ya chini."

Alikuwa anatabasamu, kama mtu mwenye habari njema aliyekuwa anangoja aulizwe. Lile tabasamu nililisoma vibaya. Nilitazama chini: vumbi jeusi, mafuta, maji ya beseni yaliyomwagika. Nilitazama suruali yangu. Sikupinda. Yeye alichukua kriki, yaani jeki, akaielekeza chini ya gari ili alitoe gurudumu anionyeshe, nami nikamwambia asiguse tena gari langu. Niliona kwamba anataka kuharibu ushahidi.

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Waendesha pikipiki waliokuwa wakingoja abiria walisogea, mmoja akaketi juu ya tairi kuukuu kama mtu aliyelipia kiti. Mimi niliwafungulia daftari. Nilisoma tarehe, nilisoma tarakimu, nilieleza nukta. Nilieleza vizuri sana. Mpaka leo nakumbuka mpangilio wa maelezo yangu. Nilisema kuna mafundi wanaochonga meno mapya katika tairi lililokwisha kwa kisu cha moto, wakalipaka weusi likang'aa, na kwamba hili hapa ni moja la hayo.

"Kwado, rudisha pine ya muzee," akasema mmoja wa pikipiki.

"Ameshakula. Iko ku tumbo," akasema mwingine, na wenzake wakacheka.

Kwado hakucheka. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Papa, mi sikuiba." Halafu akarudia kwamba nipinde niangalie. Ndipo nikasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile. Nilimwambia, "Weye, munatoka kule ku milima, munafikiri batu ba muji ni bajinga."

Mimi mwenyewe nilizaliwa upande wa Bukavu, ng'ambo ya ziwa. Niliingia Goma kwa boti, na sanduku moja, nikalala kwa mjomba miezi mingi. Na yule niliyemwita weye mbele ya watu, kila asubuhi alikuwa akiniita papa, yaani baba.

Aliweka kriki chini. Mama wa makala alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake, mikono myeusi mpaka kwenye kiwiko, akitutazama kwa zamu, mimi na yeye. Niliingia garini nikaondoka, nikawahi mkutano.

Ofisini nilisimulia. Nilisimulia tena siku iliyofuata, kwa wale waliokosa, na mara ya pili hadithi ilikuwa nzuri zaidi. Juma lile lile nilipita Ndosho, nikaona kompresa haipo, beseni halipo. Dereva wa kazini aliniambia mama wa makala amemwondoa, kwa sababu hataki kiwanja chake kiitwe mahali pa wezi. Nilisema, "Angalau." Ndilo neno nililosema.

Baada ya miezi miwili hivi, Jumamosi moja, breki za mbele zilianza kulia. Nililiinua gari uani kwangu, nikavaa kaptura kuukuu, nikatoa gurudumu la kulia na kulilaza chini. Lililala ubavu wa ndani ukitazama juu. Nilikuwa nimekwisha geuka kuchukua ufunguo nilipoona kitu cheupe kwa pembe ya jicho.

Nukta tatu. Makovu matatu. Tarakimu nne zilizo katika daftari langu, kwa mpangilio ule ule.

Nilikaa chini. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhakikisha, nilitoa na magurudumu mengine, moja baada ya jingine, nikayalaza. Kila moja lilikuwa na tarakimu zake nne upande mmoja tu; upande wa pili hazikuandikwa kabisa. Miaka yote nilikuwa nasoma ubavu mmoja wa kila tairi, bila kujua kwamba ubavu wa pili ni bubu.

Kwado alikuwa amelivua tairi kutoka kwenye janti, ile ringi ya chuma, akaliziba, akaona ubavu wa nje umekatwakatwa, akaligeuza alipokuwa akilirudisha. Ubavu wenye makovu ukaingia ndani, ambako mawe ya ukingo hayafiki, na ule mzima ukatoka nje. Ni kazi ya kutoa jasho, na sikuwa nimemwomba. Aliniongezea pengine mwaka mmoja wa kutembea. Ndiyo habari njema aliyokuwa ananingojea niulize.

Na swali la kwanza ambalo mtu yeyote mwenye akili angejiuliza, mimi mwandishi wa ripoti sikujiuliza: mwizi gani anachukua tairi lenye makovu na kukuachia lisilo na kovu?

Sasa niandike nilichofanya baadaye, kwa sababu ndicho kinachonichoma kuliko yale maneno. Nilichukua kitambaa, nikakichovya kwenye petroli, nikaanza kufuta nukta. Nilifuta ya kwanza ikaisha. Sijui nilitaka nini. Hakuna ambaye angekuja uani kwangu kupindua gurudumu langu.

Mke wangu alikuwa akianika nguo. Aliuliza nafuta nini.

Nilimwambia ni uchafu.

Alikuja na nguo mbichi begani, akatazama. Yeye pia alikuwa amesikia ile hadithi, mezani, pamoja na wageni. Alinyoosha kidole kwenye nukta mbili zilizobaki.

"Si hii ni rangi yako?"

Nilikunja kitambaa. Maji yakimdondoka kwenye kanga, alirudi kwenye kamba yake. Hakuniambia niende wala nisiende. Chakula cha mchana tulikula tukizungumza habari za shule za watoto.

Nilikaa siku tisa bila kumtafuta kwado. Nilijipa sababu: kazi ni nyingi, mtu mwenyewe ameshahama, sijui anakoishi. Siku ya kumi nilijikumbusha kwamba kazi yangu ni kutafuta watu. Nilimpata kwa maswali mawili tu, yote kwa waendesha pikipiki wale wale. Mmoja alinielekeza, akaniuliza kama naenda kumfunga.

Alikuwa ndani zaidi ya Ndosho, katika uchochoro wa mawe ambamo gari haliingii. Kompresa sikuiona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakata mipira ya matairi yaliyokufa kuwa vipande virefu na kuipigilia misumari kwenye magurudumu ya mbao ya chukudu. Aliponiona alisimama. Alisimama kwa heshima, kama mtu aliyepata mgeni, akanisogezea kigoda chake.

Sikukaa. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, yenye mwanzo na kati, na yote yalipotea. Nilimwambia nimeona upande wa ndani. Nilimwambia ni tairi langu, kwamba alinigeuzia tu, nami nikamwita mwizi na kumtukania kwao. Nilimwomba anisamehe.

Aliendelea kushika nyundo. Aliuliza kama tairi bado linatembea. Nilisema linatembea. Akasema ni vizuri, mpira wake ulikuwa mzima, ni ngozi tu iliyoumia. Kisha akasema:

"Mi nimekusikia, papa. Lakini hapa tuko mi na weye. Kule tulikuwa na batu."

Nilimwambia twende pamoja, sasa hivi, kule kwa mama wa makala, nitasema mbele yake. Alikataa. Alisema tukifika pamoja, watu watasema amenifuata nyumbani akanililia, au tumepatana kwa siri. Niende peke yangu, kwa miguu yangu, niseme pale niliposemea.

Nilienda. Pale barabarani palikuwa tayari na kwado mwingine, na kompresa nyingine, na foleni. Nilipita kando yake nikaingia kwenye kibanda cha makala, nikainama karibu na yule mama, nikamweleza kwa sauti ya mtu anayeungama. Nilisema kulitokea kosa. Nilisema tairi lilikuwa limegeuzwa, na kwamba mambo hayakueleweka vizuri. Nilijisikia nikizungumza lugha ya ripoti, ile ambamo makosa yanatokea yenyewe na hayana mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipima makala kwenye kopo. Kisha akasema, "Siku ile ulipiga makelele mpaka kule ku kona batu bakasikia. Leo uko nanisemea ku sikio?"

Mteja wake, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, aliinua macho. Nilitoka nje, nikasimama karibu na barabara, mahali pale pale, na nikasema kwa sauti. Nilisema kwado aliyekuwa hapa hakuiba. Nilisema tairi lilikuwa langu, aliliweka upande mwingine ili anisaidie, aliniambia nipinde niangalie na mimi sikutaka kuchafua suruali. Nilisema nilimtukana kwa sababu ya kwao, na kwamba mimi ndiye niliyekosa.

Pikipiki zilipita. Watu watano au sita walinisikiliza. Wawili kati yao ndio niliowakumbuka kutoka siku ile. Mmoja alimuuliza mwenzake ninasema nini. "Muzee analalamikia pine," akajibiwa. Nikarudia tangu mwanzo. Kijana mmoja wa pikipiki, yule aliyekuwa ameketi juu ya tairi siku ile, alinisikiliza safari hii bila kukaa. Alisema, "Kumbe. Na sisi tulicheka," akawasha pikipiki yake.

Nilirudi kwa mama wa makala nikamwomba amrudishie mtu yule mahali pake. Alinionyesha kwa kidevu kwado mpya, aliyekuwa amechutama mbele ya beseni, akigeuza mpira majini taratibu.

"Na huyu nimufanye nini?" alisema. "Yeye hajakosa kitu. Nimufukuze juu yako?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuja nikidhani mahali palepale pananingoja, kama kiti kilichosogezwa tu. Kumbe nilipomtoa mtu, maisha yalipaziba, na ili nimrudishie ilikuwa lazima nimkosee mwingine.

Nimefanya yaliyobaki, moja moja. Ofisini niliwaambia wote niliowasimulia, mezani pale pale. Wengine walicheka, wengine walinitazama kwa namna mpya ambayo bado naiona. Dereva alisema alijua tangu mwanzo, lakini hakutaka kubishana na daftari. Lakini hadithi ilikuwa imeshatembea kuliko miguu yangu. Jumapili moja, baada ya misa, mtu nisiyemjua alimwonya mwenzake karibu yangu kuhusu kwado mmoja wa Ndosho anayebadilisha pine za watu. Eti papa mmoja wa biro, mtu wa ofisini, alimkamata na maandishi. Nilimwambia huyo papa ni mimi, na kwamba kwado hakuiba. Alinitazama kama mtu anayemharibia hadithi nzuri. Aliuliza, "Sasa kwa nini walimufukuza?"

Nilianza pia kuwatuma watu kwake. Mfanyakazi mwenzangu mpya alipopata tundu, nilimchorea njia kwenye karatasi. Alirudi mchana amekasirika kidogo. Alisema fundi ni mzuri, lakini amempotezea saa nzima. Hapokei gurudumu la mtu anayetaka kuliacha. Lazima usimame pale, utazame mwanzo mpaka mwisho, uangalie pande zote mbili kabla halijavuliwa na baada ya kurudishwa, ndipo anakuruhusu uende.

Sikuamini. Jumamosi iliyofuata nilitoa gurudumu la nyuma lililokuwa na tundu, nikaliviringisha mwenyewe uchochoroni, juu ya mawe, watoto wakinipigia makofi. Alinipokea vizuri. Aliuliza habari za nyumbani. Alikuwa amepata pampu, ya mguu. Alililaza gurudumu, akanionyesha ubavu huu, akaligeuza, akanionyesha na ule. Wenye chukudu wawili walikuwa wamesimama upande, nao wakitazama magurudumu yao kama walinzi.

Nilimwambia nitaenda sokoni kidogo, nitarudi kulichukua likiwa tayari. Nilitaka ajue kwamba ninaweza kumwachia. Nilisema, "Papa, mi nakuamini."

"Najua," alisema.

Alikuwa amekwisha ingiza chuma kati ya janti na mpira. Alikitoa, akakiweka chini, akajifuta mikono, akakaa kwenye kigoda. Nilipofika mwisho wa uchochoro niligeuka. Alikuwa bado ameketi vile vile, mikono juu ya magoti, gurudumu langu halijaguswa, akingoja nirudi.